Jinsi Majirani wa Orangi Walivyojijengea Mitaro

Katika kitabu cha kumbukumbu ya miaka 10 ya Chama chetu Kikuu, msomaji atatazamia kukuta habari za mizani, maghala, mikopo na bei ya mazao. Habari hizo zimo katika kurasa nyingine. Kurasa hizi zina habari ya mjini, nayo ni ya mbali: namna majirani wa mtaa mmoja wa watu maskini katika mji wa Karachi, nchini Pakistani, walivyoungana, wakachanga fedha zao wenyewe, wakazika mabomba ya maji machafu chini ya vichochoro vyao. Tumeipa nafasi kwa kuwa aliyeianzisha kazi ile alikuwa mtu wa ushirika wa wakulima kwa miaka mingi kabla ya kuingia mjini. Tena wanachama wetu wengi siku hizi wana watoto wao mijini, na wengine wana viwanja na nyumba za kupangisha huko, katika mitaa ambayo maji ya kufulia na ya chooni hupita mbele ya mlango.

Bwana Akhtar Hameed Khan alizaliwa Agra, katika Bara Hindi, mwaka 1914. Alipokuwa kijana alifaulu mtihani wa kuingia katika utumishi wa juu wa Serikali ya Kiingereza ya India, utumishi ambao wenyeji wachache tu walipata kuufikia siku zile, akapelekwa Cambridge kusoma kabla ya kushika kazi. Njaa kuu ya Bengal ya mwaka 1943 ilimkuta kazini huko, na katikati ya miaka ile ya 1940 akajiuzulu. Jambo alilofanya baadaye liliwashangaza waliomjua: alikwenda kukaa kijijini karibu na Aligarh, akafanya kazi ya kibarua na ufundi wa kufuli. Hakudumu sana katika kazi hiyo, lakini yamkini ndiko alikojifunza kuitazama rupia kwa jicho la mtu anayeichuma kwa jasho.

Mwaka 1959 chuo cha maendeleo ya vijijini kilifunguliwa Comilla, katika Pakistani ya Mashariki, nchi ambayo tangu mwaka 1971 inaitwa Bangladeshi, naye akapewa kukiongoza. Alikuwa amesoma habari za watu 28 wa Rochdale walioanzisha duka lao mwaka 1844, na za Raiffeisen na vyama vyake vya akiba na mikopo katika vijiji vya Ujerumani. Huko Comilla wakulima wa kijiji kimoja waliunda chama kidogo cha msingi. Walikutana kila juma, wakaweka akiba kila juma hata iwe ndogo namna gani, wakamchagua mmoja wao aende chuoni kila juma kujifunza na kurudi kuwafundisha wenzake. Vyama hivyo vidogo viliunganishwa chini ya chama kikuu, ambacho ndicho kilichoshughulika na matrekta, pampu za maji na mikopo. Wasomaji wa kitabu hiki wataitambua sura hiyo bila kuelezwa zaidi. Mwaka 1963 Bwana Khan alipewa Tuzo ya Ramon Magsaysay kwa kazi ile.

Lakini mpango huo ulipoenezwa upesi katika nchi nzima, vyama vingi viliangukia mikononi mwa wakulima wakubwa wa vijijini, na mikopo mingi haikurudi. Jambo hilo lafaa kukumbukwa, maana bila hilo mtu hawezi kuelewa kwa nini mzee huyu, alipofika Orangi, alikataa katakata kushika fedha za watu, na kwa nini alipenda chama kiwe kidogo mno.

Orangi iko kaskazini-magharibi ya Karachi, chini ya vilima vikavu. Watu walianza kujenga huko mwaka 1965. Baada ya vita vya mwaka 1971 walifika Wabihari wengi waliokimbia kutoka Bangladeshi, wakakaa pamoja na Wapathani, Wapunjabi, Wabaluchi na wengineo, kila kundi na lugha yake na misikiti yake. Ardhi ilikuwa ya Serikali. Madalali waliikata viwanja, wakaiuza kwa bei ambayo mtu maskini aliweza kuifikia, na kwa siri wakawapa sehemu yao wale waliopaswa kuwazuia. Ajabu ni kwamba madalali hao walivipanga viwanja kwa mistari iliyonyooka, wakitumaini kuwa Serikali itakubali baadaye kuuhalalisha mtaa. Kunyooka huko kulikuja kuwafaa sana wachimbaji wa mitaro. Nyumba zilijengwa kwa matofali ya saruji yaliyotengenezwa katika karakana za mtaani ziitwazo thalla. Mwenye thalla aliuza matofali, alitoa vifaa kwa deni, alitoa shauri la ujenzi, na pengine alimtafutia mteja wake mwashi. Kwa namna hiyo watu walijenga nyumba bila benki na bila msanifu. Kufikia miaka ya 1980 ilikadiriwa kuwa Orangi ina watu karibu milioni moja.

Nyumba walikuwa nazo, mahali pa kupeleka uchafu hawakuwa napo. Vyoo vingi vilikuwa vya ndoo, vikizolewa kila baada ya siku chache. Waliojiweza zaidi walichimba mashimo, nayo yakajaa baada ya miaka michache. Maji ya jikoni na ya kufulia yalimwagwa kichochoroni, yakatuama, na watoto wakacheza humo. Walioumia kwanza ni akina mama, kwa kuwa wao ndio walioshinda nyumbani wakiuguza watoto wa kuhara na homa, na wao ndio waliosukuma mara nyingi wanaume wakubali kutoa fedha.

Mwaka 1980 mkuu wa benki ya BCCI, Bwana Agha Hasan Abedi, alimwomba Bwana Khan aende Orangi kutazama la kufanya, naye akampa fedha za kuendeshea ofisi. (Benki hiyo yenyewe ilifungwa mwaka 1991 kwa fedheha kubwa, lakini hiyo ni habari nyingine.) Bwana Khan alikuwa na umri wa miaka 65. Hakuja na mpango wowote. Miezi ya mwanzo aliitumia kutembea vichochoroni, kuketi na watu na kuwauliza. Alichokigundua alikieleza maisha yake yote kuwa ni vizuizi vinne. Watu waliamini kwamba mitaro ni kazi ya Serikali na italetwa bure, kwa hiyo wakangoja. Tena, hata kama wangetaka kuijenga, bei ya mkandarasi ilikuwa juu ya uwezo wao. Ufundi wa kupima mteremko na kulaza mabomba hawakuwa nao. Na la mwisho, ambalo kwa maoni yangu lilikuwa gumu kuliko yote, hawakuwa na chama: kila mtu alijua kujenga nyumba yake, hakuna aliyejua kujenga kitu kilicho cha watu wote.

Palikuwa na wakubwa wa mitaa, bila shaka, na vyama vyenye majina marefu. Vyama hivyo vilikwenda kwa wanasiasa kuomba, vikarudi na ahadi. Sisi nasi tumeviona vyama vya mitaa vya namna hiyo katika miji yetu: mwenyekiti hupatikana siku ya kwanza, muhuri na karatasi zenye anwani siku ya pili, na kazi hufuata nyuma polepole, aghalabu isifike. Bwana Khan hakugombana na wakubwa hao. Aliwapita kando tu, akaenda kuzungumza na kichochoro kimoja kimoja.

Kichochoro cha Orangi kina nyumba 20 hadi 30 hivi, zikitazamana. Hicho ndicho kilichokuwa chama. Hakikuandikishwa popote, hakikuwa na ofisi wala ada ya kiingilio. Watu wa ofisi ya mradi waliwakusanya majirani pale pale nje ya milango, wakawaonyesha picha na vielelezo, wakawaambia: mkikubaliana ninyi nyote, mkamchagua msimamizi wenu, mkaandika barua ya kuomba, tutakuja kuwapimia na kuwapa hesabu ya gharama. Wasipokubaliana, ofisi haikuja. Msimamizi alikuwa jirani yao. Kazi yake ilikuwa kukusanya fedha, kununua saruji na kokoto, kupanga nani achimbe siku gani, na kuamua magomvi ya mlangoni. Hakuwa na mshahara.

Ukubwa huu mdogo ulikuwa na nguvu ambayo chama cha watu elfu hakiwezi kuwa nayo. Katika kichochoro cha nyumba 25, kila mtu anajua ni nani amelipa na ni nani bado. Anajua pia ni nani hana kitu kweli kweli, na ni nani anajifanya hana. Mjane alingojewa, au alichangiwa. Mtu mwenye duka aliyekataa kulipa ilimbidi apite kila siku mbele ya wenzake wenye majembe. Na msimamizi aliyenunua mifuko 10 ya saruji hakuweza kusema alinunua 15, kwa sababu mifuko ilikuwa pale nje, na watoto wameihesabu. Ukaguzi wa hesabu wa namna hiyo hauhitaji mkaguzi kutoka mjini.

Fedha hazikupita ofisini kwa mradi hata kidogo. Maofisa wa vyama wanaosoma kurasa hizi na walizingatie hilo. Mradi ulitoa upimaji, ramani, makadirio, vifaa vya kuazima na mafunzo. Mchango wa majirani ulikaa kwa majirani, wakautumia wao. Kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema kwamba mradi umekula fedha za watu, wala hakuna aliyeweza kukaa akingoja mradi ummalizie kazi yake. Gharama ya kawaida ilikuwa kiasi cha rupia 1,000 kwa nyumba, pamoja na choo na sehemu yake ya bomba la kichochoro. Kazi kama hiyo kwa njia ya Serikali na wakandarasi iligharimu mara kadhaa ya hapo. Nafuu hiyo ilitoka mahali pengi: faida ya mkandarasi haikuwapo, hongo haikuwapo, watu walichimba wenyewe au walitafuta kibarua wa bei waliyoijua, na ramani yenyewe ilirahisishwa.

Hapo ndipo mafundi walipofanya kazi yao kubwa. Msanifu majengo Bwana Arif Hasan wa Karachi aliletwa kuwa mshauri mapema katika miaka ya 1980. Kazi ya vichochoro vya kwanza ilikuwa na kasoro nyingi. Watu hawakujua kwamba zege hutaka kumwagiwa maji siku kadhaa lipate nguvu. Walilikausha juani likapasuka. Kwingine mteremko ulikosewa na maji yakarudi. Mradi haukuvificha vichochoro vile. Ulivikagua, ukayaandika makosa, ukaanza kufundisha waashi na wasimamizi hatua kwa hatua. Kalibu za chuma zilitengenezwa za kumiminia zege ya mashimo ya ukaguzi na vifuniko vyake, zikaazimishwa kutoka kichochoro hadi kichochoro. Kati ya choo na bomba liliwekwa hodhi dogo la kuzuia vitu vizito, ili bomba jembamba lisizibe. Vijana wa Orangi wenyewe, pamoja na wanafunzi wa vyuo vya ufundi na usanifu, walifundishwa kupima ardhi na kuchora ramani ya kila kichochoro. Kwa miaka wakachora, mpaka Orangi ikawa na ramani ambayo hata ofisi za mji hazikuwa nayo.

Vichochoro vilivyoanza vilikuwa vile vilivyo karibu na mikondo ya asili ya mvua, ambayo wenyeji huiita nala, kwani hivyo viliweza kumwaga maji moja kwa moja. Kichochoro cha juu kidogo kilipotaka kufuata, kilihitaji bomba kubwa zaidi la kupitia mtaani, na hapo wasimamizi wa vichochoro kadhaa walilazimika kuketi pamoja na kugawana gharama. Ndivyo vyama vidogo vilivyozaa chama cha pili juu yao, kazi ilipokidai na wala si kabla yake. Magomvi hayakukosekana, anayekaa chini hupokea maji ya anayekaa juu, na kila mmoja ana hesabu yake ya haki. Mwishoni mwa miaka ya 1990 nyumba zaidi ya 90,000 zilikuwa zimeunganishwa. Taarifa za mradi zilieleza kuwa, mahali kazi ilipokamilika, vifo vya watoto wachanga vilishuka kutoka 130 katika kila watoto 1,000 mwaka 1982 hadi 37 mwaka 1991. Mambo mengine yaliyofuata tunayataja kwa kifupi tu: mikopo midogo kwa mafundi na wachuuzi tangu mwaka 1987, vituo vya akina mama washonaji, na mashine za kufyatulia matofali imara kwa wenye thalla.

Kichochoro kilipomaliza kazi, chama chake mara nyingi kililala. Wapo waliolaumu jambo hilo. Sioni kwamba lilikuwa baya. Bomba lilipoziba, msimamizi alirudi kugonga milango, mchango ukapatikana, nao wakalala tena.

Sasa tuje kwenye mpaka wa kazi hii, maana mpaka ulikuwapo. Bwana Khan na wenzake waliigawa mitaro mafungu mawili. Choo, bomba la kichochoro na bomba la mtaa waliviita vya ndani. Hivyo majirani waliweza kuvijenga, kuvigharimia na kuvitunza. Mabomba makuu ya mji na mahali pa kusafishia maji machafu waliviita vya nje, na hivyo walisema wazi ni kazi ya Serikali. Ugawaji huo ulisaidia kuondoa maneno mengi, na mwaka 2006 ukaingia katika siasa ya taifa ya usafi ya Pakistani. Lakini kukubaliwa katika karatasi ni jambo moja. Maji yote yale ya Orangi, yaliyokusanywa kwa uangalifu mkubwa, yaliingia katika nala, na nala ikayapeleka baharini yakiwa machafu vilevile. Aliyebaki na fungu lake bila kulimaliza hakuwa jirani.

Aliyelifuatilia fungu hilo kuliko wote ni Bibi Parveen Rahman. Alizaliwa Dhaka mwaka 1957, akaja Karachi na wazazi wake baada ya vita, akasomea usanifu majengo. Alijiunga na mradi mapema katika miaka ya 1980, angali msichana mbichi kutoka chuoni, akaja kuongoza taasisi yake ya utafiti na mafunzo. Aliona kwamba mji unajadili mipango ya mabomba makuu kama kwamba mikondo ya asili haipo, ilhali maji ya mji wote yalikwisha kujichagulia njia hizo. Akaagiza nala zichorwe, moja baada ya moja, na ramani zikapelekwa katika ofisi za mji. Baadaye alichora vijiji vya pembezoni mwa Karachi, ili wenyeji wapate kuthibitisha haki yao mbele ya wanyang'anyi wa ardhi. Akaandika pia jinsi maji ya bomba la mji yalivyoibwa na kuuzwa kwa malori. Ramani za namna hiyo hazimpendezi kila mtu.

Bwana Khan alifariki Marekani mwezi Oktoba 1999, akiwa na umri wa miaka 85. Bibi Parveen Rahman alipigwa risasi akiwa garini, akitoka kazini Orangi, jioni ya tarehe 13 Machi 2013, akafa.

Mvua kubwa za mwezi Agosti 2020 ziliijaza Karachi maji. Mahakama Kuu ya nchi iliamuru nala zisafishwe na majengo ya kingo zake yaondolewe, na katika mwaka 2021 maelfu ya nyumba kandokando ya nala ya Gujjar na nala ya Orangi zilibomolewa. Baadhi ya wenye nyumba walisimama kando ya tingatinga wakiwa na hati za viwanja vyao mkononi, hati zilizotolewa na halmashauri ya mji ule ule.